Mwongozo kamili: kuandaa demo ya dakika nne ya kuombea kazi ya kutangaza kipindi cha mitindo

Demo nyingi zinazonifikia kutoka kwa vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kutangaza vipindi vya mitindo na maisha huanguka ndani ya nusu dakika ya kwanza, na karibu zote huangushwa na jambo moja. Mwombaji amesimama ufukweni Coco au mbele ya jengo la vioo kule Posta, amependeza, anawakaribisha watazamaji wapendwa mara tatu, anataja alichovaa kuanzia miwani hadi viatu, kisha wimbo unapanda na kumeza maneno yaliyobaki. Dakika zinakwisha nami sijajifunza lolote kuhusu nguo, wala sijamwona akimsikiliza mtu mwingine.

Mtayarishaji anayetafuta mtangazaji hana shaka kwamba unaweza kupendeza, kwa kuwa hilo ni kazi ya mpambaji na pasi. Asichokijua ni iwapo unaweza kumfanya aliyeishona nguo aeleze kitu ambacho hajawahi kuulizwa. Hatua zote zilizomo humu zinalenga kumjibu swali hilo, na ili zisielee hewani nimetumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani gauni linaloshonwa kwa khanga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu moja yenye kamera nzuri, na ya pili ya kuazima kwa siku moja. Ya pili inahitajika kwa sababu mkasi ukishapita kwenye kitambaa, tukio hilo halirudiwi.
- Stendi ya kamera, hata ile fupi ya mezani. Picha inayotikisika haimruhusu mtazamaji kuona mshono.
- Kipaza sauti kidogo cha kubana kifuani. Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunua hiki, taa isubiri.
- Shuka jeupe au ubao mweupe mwepesi wa kurudishia mwanga usoni.
- Doti moja ya khanga, ambayo utainunua wewe na kumwachia fundi au mvaaji baada ya kazi.
- Futi kamba, daftari na kalamu.
- Karatasi za ridhaa za kusainiwa na kila atakayeonekana na kusikika.
- Nauli, chakula cha watu watatu, na malipo ya fundi kwa muda utakaomchukulia. Fundi aliyeacha kazi za wateja wake ili akuhudumie asirudi nyumbani mikono mitupu.

Weka simu zote mbili kwenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 na fremu 25 kwa sekunde, na kama programu ya kamera inaruhusu, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia katika kila picha, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mzunguko wa hezi 50, na simu iliyoachwa kwenye fremu 30 mara nyingi hurekodi taa za dukani zikipepesa, kasoro ambayo hutaiona kwenye kioo kidogo lakini itaonekana wazi kwenye televisheni ya ofisini kwetu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, usichague mada

"Mitindo ya kisasa" ni mada, na "khanga" pia ni mada. Hakuna inayoingia ndani ya dakika nne. Kinachoingia ni swali lenye jibu linaloweza kuonekana kwa macho.

Tazama khanga ilivyo. Ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyokaa juu ya pindo la chini. Dukani inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mnunuzi ndiye anayevitenganisha na kuvipinda. Ilichorwa ivaliwe nzima mwilini. Sasa dada mmoja anaipeleka kwa fundi akitaka gauni la kwenda nalo harusini. Jina litakwenda wapi? Litakaa kifuani, mgongoni, kwenye ukingo wa chini wa gauni, au litamezwa na mshono?

Swali hilo ni dogo, na ndiyo maana linafaa. Tena lina hatari ndani yake, jambo ambalo kila mtayarishaji hulipenda. Khanga iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ikikatwa herufi tatu za mwanzo, aliyeivaa atatembea ukumbini akiwahimiza watu wasafirie nyota za wenzao.

Kwa wasiopendelea khanga, maswali ya aina hii yamejaa mjini. Muuzaji wa mitumba pale Karume anapofungua belo, anaangalia nini kwanza kwenye shati kabla ya kulipangia bei? Fundi anafanyaje ili maua ya kitenge yakutane sawasawa kwenye mshono wa mbele? Kanzu mbili zinazofanana kwa mbali zimetofautishwa na nini hadi bei ipishane?

Utajua umefaulu iwapo unaweza kumweleza jirani swali lako kwa sentensi moja naye akauliza, "Kwani inakuwaje?"

Hatua ya 2: Nenda kwa fundi bila kamera

Tenga nusu siku. Anzia Kariakoo, kwenye maduka ya khanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru, ununue doti yako na kusikiliza wanunuzi wanavyochagua, kisha nenda kwa fundi uliyemteua na ukae naye akifanya kazi za wengine. Nia yako ni kupata maneno yake. Fundi hasemi "kitambaa cha ndani", anasema bitana. Hasemi "mikunjo iliyopangwa", anasema marinda. Mtangazaji asiyeyajua maneno haya hulazimika kuyazunguka kwa maelezo marefu, na mtazamaji aliyekulia nyumba yenye cherehani humtambua mara moja kwamba ni mgeni.

Andika kila neno usilolifahamu, na uulize maana yake hapohapo. Andika pia jambo lolote alilolifanya kwa mkono bila kulitaja kwa mdomo, kwa mfano kulikunja jina la khanga na kuligeuza kabla ya kupiga chaki. Mambo hayo ndiyo yatakayozaa maswali yako bora, kwa sababu fundi mwenyewe ameyazoea kiasi cha kuyasahau.

Elsa Klensch, aliyeendesha kipindi cha mitindo cha CNN kwa miaka takriban 20 kuanzia 1980, alifika mbele ya kamera akiwa tayari ameandika habari za mavazi magazetini na majaridani kwa muda mrefu. Nalitaja hilo kwa sababu vijana wengi huamini kwamba kazi hii huanzia usoni.

Hatua ya 3: Maliza mambo ya ruhusa mapema

Mwombe mwenye duka au kibanda, na kwa eneo la wazi lenye watu wengi, pitia ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Wape karatasi ya ridhaa fundi na mvaaji wa gauni wasaini, nayo ieleze kwa Kiswahili chepesi kwamba picha itapelekwa kwenye vituo vya televisheni. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuchukua taarifa za mtu bila ridhaa yake si tena suala la adabu peke yake.

Onyo la kwanza ni muziki. Wimbo unaovuma ni mali ya mtu na unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hivyo tumia sauti za mahali penyewe. Onyo la pili ni mtandao. Demo unayomtumia mtayarishaji ni maombi ya kazi, lakini ukiigeuza kuwa kipindi cha kila wiki mtandaoni, waulize kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni.

Hatua ya 4: Andika maneno yako na maswali yako

Hapa ndipo demo inapojengwa, na hapa ndipo pa kutumia siku nyingi kuliko penginepo.

Sentensi ya kwanza ianze na kitu kilicho mkononi mwako. Linganisha hizi mbili. "Habari zenu watazamaji wapendwa, karibuni sana katika kipindi chetu cha leo ambapo tutaangalia mambo mbalimbali ya mitindo." Na hii: "Khanga hii ina maneno manne, na fundi aliye nyuma yangu ana dakika chache za kuamua ni mangapi yatabaki." Ya kwanza inaweza kufungua kipindi cha kitu chochote duniani, hata cha mbolea. Ya pili haiwezi kuhamishwa.

Jina lako litaandikwa chini ya picha, na utalitamka mara moja tu, baada ya sentensi hiyo.

Gawa dakika nne hivi: sekunde 20 za kufungulia, sekunde 40 za kuonyesha khanga na sehemu zake, dakika mbili za mazungumzo na fundi akiwa kazini, sekunde 40 za gauni likiwa limevaliwa, na sekunde 20 za kufungia. Mgawanyo huu si wa kukariri, ila ukiona sehemu ya fundi imepungua chini ya dakika moja na nusu, ujue umeanza kujipigia debe.

Sasa maswali. Swali bovu kuliko yote katika taaluma hii ni "Unajisikiaje?" na linalolifuata kwa ubaya ni "Ulianzaje kazi hii?" Yote mawili humfanya mzungumzaji aseme maneno ambayo angeyasema popote. Muulize fundi kuhusu kilicho chini ya mikono yake:

"Fundi, ningekuletea khanga hii leo, mkasi ungeanzia upande gani?"

"Jina likikaa kifuani, pindo linaishia wapi?"

"Umewahi kukata ukagundua umeharibu maneno ya mteja? Ulimwambiaje?"

Swali la tatu limewekwa mwisho kwa makusudi. Ukianza nalo, fundi ataona umekuja kumwaibisha. Likija baada ya mawili ya kazi, atacheka, na kicheko hicho ndicho utakachokihitaji mezani pa uhariri.

Angalia pia namna ya kumwita. Kama fundi amekuzidi umri, salamu ni shikamoo, hata kamera ikiwa inarekodi, kisha mwite fundi, au baba, au mama, kama wanavyomwita wateja wake. Usimkatize. Mtazamaji wa Dar es Salaam atamsamehe mtangazaji aliyekwama kwenye neno, lakini hatamsamehe kijana anayemdakia mzee maneno. Ukitaka kumrudisha kwenye hoja, subiri avute pumzi, gusa khanga yenyewe na uulize kuhusu mahali ulipogusa.

Soma maandishi yako kwa sauti ukiwa umesimama, simu ikirekodi. Sentensi yoyote inayokuishia pumzi igawe. Kila "yaani" na "kiukweli" isiyo na kazi iondoe. Ukiweza kusema maneno yako bila karatasi na bila kuonekana unakumbuka, hatua hii imekamilika.

Hatua ya 5: Vaa kwa ajili ya kamera

Mistari myembamba iliyosongamana huchezacheza kwenye picha, basi iache nyumbani. Nyeupe kali hurudisha mwanga mwingi na kuufanya uso uonekane mweusi kuliko ulivyo. Shanga nzito na bangili nyingi zitagonga kipaza sauti. Kwa kuwa khanga ina rangi na michoro mingi, vaa rangi moja iliyotulia, ili jicho lisipate taabu ya kuchagua. Najua ushauri huu huwaumiza wengi, maana siku ya demo kila mtu hutaka kutoa nguo yake bora. Bora yako itaonekana siku ukiajiriwa.

Hatua ya 6: Panga mwanga kwa saa

Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hukaa utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya macho. Piga picha za nje kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi kabla ya jua kuzama. Ukipanga kazi ya Machi hadi Mei, miezi ya masika, weka siku ya akiba.

Ndani ya kibanda, msogeze fundi karibu na mlango ili mwanga wa nje umpige usoni kwa ubavu, na upande wa pili shikisha shuka jeupe liurudishe. Kama taa za ndani zina rangi tofauti na mwanga wa nje, zizime, la sivyo khanga nyekundu itaonekana ya machungwa upande mmoja na ya damu ya mzee upande mwingine.

Simu hupima mwanga wa picha nzima. Ngozi nyeusi ikiwa mbele ya ukuta mweupe, simu huona picha yote imejaa mwanga na kuupunguza, uso unazama. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha ongeza mwanga kidogo. Ukuta ukipauka, uache upauke.

Onyo ambalo halina mjadala: usitumie kichujio cha kung'arisha ngozi. Pamoja na mengine yote, kinabadilisha rangi ya kitambaa, na kipindi cha mitindo kinachodanganya rangi ya nguo hakina kazi. Kwa uthibitisho, weka khanga halisi kando ya kioo cha simu baada ya kurekodi. Zikifanana, endelea.

Hatua ya 7: Linda sauti

Kariakoo haitanyamaza kwa ajili yako. Kuna maguta, honi, na vipaza sauti vinavyotangaza bei kuanzia asubuhi. Chagua kibanda kilicho ndani kidogo ya jengo, zima feni, na simamisha cherehani fundi anapojibu. Adhana ikianza, acha kurekodi hadi imalizike. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali hapo bila mtu kuzungumza, kwani itakufaa kuziba nyufa wakati wa kuhariri.

Jaribu kwa kurekodi swali moja na jibu moja, kisha usikilize kwa spika za masikioni. Kama unalazimika kukisia neno lolote, sogeza kipaza sauti.

Hatua ya 8: Rekodi kazi kabla ya maneno

Anza na mkato. Simu ya kwanza itazame mikono na khanga kutoka juu, ya pili itazame uso wa fundi. Mwombe asianze hadi useme uko tayari, kisha nyamaza. Baada ya hapo ndipo ufanye mazungumzo, ukifuatisha maswali yako lakini ukiwa tayari kuyaacha. Fundi akisema, "Hapa ndipo wengi wanapokosea," usikimbilie swali lililofuata kwenye daftari. Muulize wanakosea vipi.

Mwisho, chukua picha za karibu za chaki, meno ya mkasi, jina la khanga, na mshono ukiwa chini ya sindano. Kila moja ishikilie kwa sekunde kumi bila kuhamisha simu. Wapiga picha wanaoanza hushikilia kwa sekunde tatu na kudhani zinatosha, halafu mezani wanakosa cha kufunikia makosa.

Picha za gauni likiwa limevaliwa zifanyike siku nyingine likishakamilika. Mvaaji atembee, akae na kugeuka, maana jina lililosomeka vizuri kwenye mtu aliyesimama huenda likatoweka akiketi. Kama linatoweka, lionyeshe likitoweka. Hilo nalo ni jibu la swali lako.

Hatua ya 9: Hariri kwa mkono mgumu

Weka mkato wa mkasi ndani ya sekunde 20 za kwanza. Punguza kila mahali unapoonekana ukitikisa kichwa bila kusema kitu. Usiweke madoido ya kuhama picha. Kilele cha sauti za maneno kiwe karibu na desibeli 12 chini ya sifuri kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kuhariri, ili fundi na wewe msikike kwa nguvu zinazolingana. Tahajia ya majina yote iwe ile waliyoiandika wenyewe kwenye karatasi ya ridhaa.

Kisha fanya majaribio mawili. Mwonyeshe fundi mwingine, ambaye hukumrekodi. Akisahihisha jambo la ufundi, rekebisha, hata kama itakulazimu kurudi Kariakoo. Mwonyeshe pia mtu asiyejali mitindo kabisa, mjomba anayengoja mpira uanze atafaa, na umwombe akusimulie alichokiona. Akikusimulia habari za jina la khanga, demo imeiva. Akisema umependeza, rudi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 10: Tuma, na ujilinde

Ihifadhi kama faili ya MP4, uipe jina lako na mwezi ulioitengeneza, na uitume kwa mtayarishaji wa vipindi. Usimwachie mlinzi wa getini. Ambatanisha ukurasa mmoja wenye mistari miwili kuhusu wewe, na maswali matatu mengine ambayo ungeyafanyia kipindi, kila moja likiwa na mahali, mtu na gharama yake. Ukurasa huo husomwa kwa makini kuliko wasifu, kwa sababu unaonyesha kama utaishiwa baada ya kipindi cha kwanza.

Hakuna ada ya kutazamiwa demo. Anayekuomba fedha ili "akusukumie" huwa hana nafasi ya kukupa. Anayekuomba mwili wako anatenda kosa la jinai lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Hifadhi ujumbe wote, na ukiitwa nje ya saa za kazi au nje ya ofisi, usiende peke yako. Nimeona vipaji viwili vikiacha kazi hii kabla ya kuianza kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba wanaweza kukataa na bado wakatuma demo yao kwingine.

Subiri wiki mbili, kisha uliza mara moja kwa ujumbe mfupi. Baada ya kimya cha pili, peleka kituo kingine.

Ukiitwa kwa usaili wa kamera, jiandae kwa jaribio moja ambalo mimi mwenyewe hulitumia: unapewa nguo ambayo hujawahi kuiona, dakika moja ya kuishika, na dakika moja ya kuizungumzia mbele ya kamera. Wengi huieleza kwa rangi yake na kusema inafaa kwa sherehe. Wewe igeuze ndani nje. Tazama bitana, tazama kama mshono umepigwa ovaloki au umeachwa unachanika nyuzi, tafuta lebo, vuta zipu, pima upana wa pindo kwa vidole, kisha anza kuzungumza ukiwa bado umeishika upande huo wa ndani.